Baraza la Nyumbani: Mtu Akijigeuza, Hugeuka Nini?



Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ya mzazi wa kiume, ambaye kwa adabu nyingi na kwa huzuni isiyofichika atuuliza swali ambalo twaamini laulizwa katika nyumba nyingi bila ya kuandikwa. Asema ya kuwa alizinduka usiku wa manane akaona mwanga chini ya mlango wa binti yake, msichana wa kidato cha tano. Aliposukuma mlango alimkuta ameketi kitandani, kitabu mapajani, na machozi yanamtoka. Kitabu chenyewe kilikuwa ni Vuta n'kuvute, riwaya ya Bwana Adam Shafi wa Unguja, ambayo imekuwa miongoni mwa vitabu vya fasihi vinavyosomwa katika kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania.

Asubuhi yake baba alikichukua kitabu akasoma kurasa chache, hapa na pale, akakutana na mke aliyemtoroka mumewe, na dansi, na ulevi, na mapenzi yasiyo na ndoa. Juma lile lile akamkuta binti huyo huyo anaitazama katika simu picha ya senema iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho. Alipomkemea, binti alimjibu neno moja tu: "Baba, Yasmin alifika mahali akajijua yeye ni nani." Basi baba atuuliza: Je, nimnyang'anye kitabu? Na hizi hadithi na senema za siku hizi, ambazo kila mtu mkuu wake hujigeuza akawa mwingine, zawafundisha watoto wetu nini ila kuasi? Na mwishoni mwa barua, kama mtu anayetaja jambo dogo, ameongeza ya kuwa yumo katika shughuli nyingi, kwani posa imemjia binti huyo kutoka nyumba njema, na binti mwenyewe, alhamdulillahi, amenyamaza.

Hatukutaka kumjibu mzee huyu kwa haraka. Mwenye kuhukumu kitabu kwa kurasa chache ni kama kadhi aliyemsikiliza mdai akaondoka kabla mdaiwa hajafungua kinywa. Kwa hiyo tulikisoma kitabu tangu mwanzo hata mwisho, na picha tukaitazama yote. Kisha tukakumbuka hadithi nyingine tatu za namna hiyo, za watu wa kwetu na wa mbali, tukazilinganisha. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, yafaa tukumbuke ya kwamba hadithi ya mtu kugeuka si uzushi wa zama hizi. Bibi zetu walitusimulia habari za wana wa wafalme waliovaa matambara wasijulikane, na za waliorogwa wakawa wanyama. Marehemu Sheikh Shaaban Robert, katika kitabu chake Adili na Nduguze kilichotoka mwaka 1952, aliwaeleza ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani kwa ubaya waliomtendea ndugu yao. Lakini katika hadithi zile za kale mgeuko hutoka nje: hutoka kwa jini, au kwa mchawi, au kwa adhabu. Katika vitabu na picha za leo mgeuko hutoka kwa mtu mwenyewe. Ni yeye anayebadili jina, na nguo, na mji, na hata lugha, akisema: huyu mliyemjua siye mimi. Hapo ndipo wazazi huingiwa na hofu, na hofu yao ina sababu. Lakini si kila anayebadili jina amefanya jambo moja, kama vile si kila anayefunga safari anakwenda mahali pamoja.

Tuanze na huyo Yasmin. Kitabu kilitoka mwaka 1999, na hadithi yake ni ya Unguja ya miaka ya 1950, zama za Mwingereza. Yasmin ni binti wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, naye anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka mtaa wa Mtendeni, mtu aliyepita miaka 50. Mwandishi hakumfanya Raza kuwa katili. Ni mtu wa dukani, mwenye hesabu zake na mazoea yake, ambaye amepata mke wa umri wa mjukuu, wala hajui la kumwambia. Na Yasmin hajui la kumjibu. Rafiki yake mmoja ni Mwajuma, mwanamke Mswahili jirani yake, na urafiki huo nao watazamwa kwa jicho baya, kwani katika mji ule kila kabila lilikuwa na ukuta wake. Raza anahamia Mombasa, naye anamchukua mkewe. Huko Yasmin hawezi tena kustahimili. Anatoroka, anapanda chombo, anarudi Unguja.

Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kutua. Yasmin aliporudi Unguja hakukimbilia dansi. Alikimbilia kwao. Alibisha hodi kwa jamaa zake, watu wa damu yake, nao wakamfukuza kwa kuwa ameleta aibu. Ni baada ya mlango huo kufungwa ndipo alipokwenda kwa Mwajuma, ambaye hakuwa na mali wala nasaba, lakini alikuwa na chumba na moyo wa kumpokea. Yote ambayo baba yetu ameyasoma katika kurasa zile chache, dansi na kumjua Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi kupigania uhuru kwa siri, yote hayo yalikuja nyuma ya mlango uliofungwa. Msichana huyo alitolewa nyumbani mara mbili: mara ya kwanza kwa kuozwa, na mara ya pili kwa kufungiwa.

Picha ya senema iliyotengenezwa na Bwana Amil Shivji, ambayo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto nchini Kanada mwaka 2021, imefupisha mengi, kama ilivyo ada ya senema. Lakini senema inayo nguvu yake ambayo kitabu hakina. Kitabu hukwambia ya kuwa msichana ni mdogo. Picha hukuonyesha uso wake. Mtu aweza kusoma neno "miaka 15" akapita. Hawezi kupita mbele ya uso.

Je, twasema ya kwamba yote aliyoyafanya Yasmin ni mema? La, hatusemi hivyo. Dini yetu inayo mipaka iliyo wazi, na hadithi haiihalalishi haramu kwa kuwa imeandikwa kwa ufundi. Walakini msomaji mwadilifu hulisoma jambo kwa taratibu yake, akauliza ni nani aliyetangulia kukosa. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari ya kwamba Khansaa binti Khidam, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na baba yake kwa mume asiyemtaka, akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akaivunja ndoa ile. Na kwa bikira Mtume ametufundisha ya kuwa atakwe idhini, na ya kuwa kunyamaza kwake kwahesabiwa idhini, kwa ajili ya haya aliyo nayo. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya mamlaka ya baba kwa bintiye bikira. Lakini hata katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, baba mwenye mamlaka hayo amewekewa sharti, kama vile kuwa mume awe ni kufu ya binti na kuwa pasiwe na uadui kati yao, na kumtaka shauri binti ni jambo lililopendekezwa. Basi aliyemtia Yasmin katika nyumba ya Raza bila ya kumwuliza hakuwa akiilinda dini. Alikuwa akilinda mazoea, na mazoea na dini ni vitu viwili, ijapokuwa mara nyingi huvaa kanzu moja.

Sasa tumtazame mtu wa pili, ambaye mgeuko wake ni wa namna nyingine kabisa. Katika riwaya ya Kiingereza iitwayo Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, amemweleza kijana aitwaye Ilyas. Alitoroka nyumbani kwao angali mtoto, akachukuliwa na askari wa Kidachi, kisha Mjerumani mmoja akampeleka shule ya misheni. Akakua akiipenda Ujerumani kama mtu ampendavyo aliyemlisha. Alipokuwa mtu mzima alikwenda kumtafuta dada yake mdogo, Afiya, ambaye alikuwa akiishi na jamaa kama mtumishi; akamchukua akakaa naye, akamfundisha kusoma na kuandika. Lakini vita vya mwaka 1914 vilipokaribia, Ilyas alijitolea kwenda kuwapigania Wadachi. Watu wa baraza walimwambia, hivyo si vita vyetu. Hakusikia. Akamrudisha dada yake kule kule alikomtoa, akaenda zake.

Na Afiya je? Alipigwa na yule aliyekuwa akimlea hata mkono ukavunjika, kwa sababu mtu huyo aligundua ya kuwa msichana ajua kuandika. Mkono uliofundishwa na kaka ulivunjwa kwa kuwa kaka hayupo. Katika kitabu kizima hakuna jambo lililotuuma kama hili.

Ilyas hakurudi tena. Miaka mingi baadaye, katika kurasa za mwisho, ndipo jamaa wapatapo habari zake: alifika Ujerumani, akabadili jina likawa la Kijerumani, akaimba katika majukwaa, akajiona ni mmoja wao. Wajerumani wa Hitler hawakumwona hivyo. Mwisho wake ulikuwa ni kambi ya mateso.

Pengine msomaji atasema, hayo ni maneno ya riwaya. Basi na asikie habari ya kweli. Mwaka 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed, baba yake akiwa Msudani katika jeshi la Wadachi. Katika vita vya kwanza Mahjub naye alitumikia jeshi hilo, angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaenda katika ofisi za serikali kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao haukulipwa. Hakulipwa. Akabaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akafanya kazi ya kupokea wageni mezani katika nyumba kubwa ya starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaoa mke wa Kijerumani. Na akawa mchezaji wa senema. Alionekana katika picha zaidi ya 20, mara nyingi pembeni, mara nyingi ni mtumishi au mchukuzi. Mwaka 1941 alionekana katika picha ya kumsifu Carl Peters, yule yule ambaye watu wa bara yetu walimpa lakabu ya Mkono wa Damu. Mtoto wa Dar es Salaam akaajiriwa kuupamba utukufu wa Peters! Na mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, naye akafa huko mwezi wa Novemba 1944. Mwaka 2013 mtengeneza picha wa Kijerumani, Bibi Eva Knopf, alitoa picha ya kumkumbuka, akimtafuta katika pembe za senema zile za zamani alimokuwa akipita nyuma ya wakubwa.

Hatumtaji marehemu huyu ili kumcheka. Alikuwa na haki yake, nayo alidhulumiwa. Twamtaja kwa sababu maisha yake na ya Ilyas wa kitabuni yatufundisha jambo moja lililo zito: iko namna ya kujigeuza ambayo mtu huutafuta uso wake katika kioo kilichoshikwa na mtu mwingine. Siku mwenye kioo atakapochoka, hukiweka chini, na uso haupo tena. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana wa leo asidhani ya kuwa hatari hiyo ilikwisha na Wadachi. Kila siku katika simu yake anaonyeshwa sura anayotakiwa awe nayo, na sauti, na mavazi, na mwendo, na hesabu ya waliompenda imeandikwa chini yake kwa tarakimu.

Wa tatu twamtaja kwa ufupi. Katika riwaya nyingine ya Gurnah, By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, mzee wa miaka 65 kutoka Unguja, Saleh Omar, aliyepata kuwa mfanya biashara ya vyombo vya nyumbani, anashuka katika kiwanja cha ndege nchini Uingereza kuomba hifadhi, akijifanya hajui Kiingereza. Hakuchukua mali ila kijisanduku cha udi wa kamari, na ofisa wa kiwanja akamnyang'anya. Jina lililomo katika pasi yake si lake. Ni la Rajab Shaaban, mtu ambaye nyumba yake ilimwangukia Saleh kwa sababu ya deni. Kwa hiyo kwanza aliichukua nyumba, kisha akalichukua na jina. Tena kuna mwana wa huyo Rajab Shaaban, ambaye zamani aliitwa Ismail, naye yuko London, mwalimu wa chuo kikuu, ameligeuza jina lake akawa Latif Mahmud, akakata mguu wake kwao. Siku moja anaombwa aje kumkalimania mzee asiyejua Kiingereza, na jina la mzee huyo ni la baba yake mzazi.

Watu hao wawili, kila mmoja amejificha nyuma ya jina jipya, hatimaye wanaketi katika chumba kidogo kando ya bahari ya ugenini, wakisimuliana yaliyopita: nani alimdhulumu nani, nani alinyamaza, nani alifungwa miaka mingi bila ya hukumu ya haki. Hapana anayeshinda. Lakini chuki inapungua, kwani kila mmoja anasikia upande wa hadithi ambao hakuwa nao. Somo lake ni jepesi kulitaja na gumu kulitenda: jina laweza kubadilishwa kwa saa moja, lakini deni la nafsi halilipwi mpaka mtu akae na mdai wake, ana kwa ana.

Wa nne ni mtu wa kweli, ingawa vijana wengi wamemjua kwa njia ya senema: Malcolm X wa Marekani, ambaye Bwana Spike Lee alitengeneza picha ya maisha yake mwaka 1992, yenye urefu wa zaidi ya saa tatu, mchezaji mkuu akiwa Denzel Washington. Sehemu za Makka katika picha hiyo zilipigwa na wapiga picha Waislamu, kwani asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia mji ule mtukufu.

Alizaliwa mwaka 1925 kwa jina la Malcolm Little. Katika ujana wake wa mitaani alizinyoosha nywele zake kwa dawa iunguzayo ngozi, ili zifanane na za Wazungu, na picha yaonyesha maumivu hayo bila ya kuyapamba. Akaiba, akafungwa mwaka 1946, akatoka mwaka 1952. Gerezani aliingia katika jumuiya ya Elijah Muhammad, akalitupa jina la Little, lililotoka kwa mabwana wa watumwa, akaweka mahali pake herufi X, kwa maana ya jina la wazee wake asilolijua. Huo ni mgeuko wa kwanza, nao ulikuwa na ushujaa mkubwa. Lakini ndani yake lilikuwamo fundisho ya kuwa Wazungu wote ni mashetani kwa maumbile yao, naye alilihubiri fundisho hilo kwa miaka kumi na zaidi, kwa ulimi ambao watu wachache walijaliwa mfano wake.

Mwezi wa Machi 1964 alitoka katika jumuiya ile, na mwezi wa Aprili akaenda kuhiji. Huko alikula katika sahani moja, akalala katika zulia moja, akaswali safu moja na watu wa rangi zote. Ndipo alipoandika barua ili zisomwe na watu wote, akikiri ya kuwa alikosea katika alilolifundisha. Akarudi akiitwa El-Hajj Malik El-Shabazz. Mwaka huo huo, katika mwezi wa Oktoba, alifika Dar es Salaam na kuonana na Mwalimu Nyerere. Tarehe 21 Februari 1965 aliuawa mjini New York, mbele ya mkewe na wanawe.

Twapenda vijana walitazame jambo moja katika habari hii. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka baada ya kufa kwake, Malcolm alieleza ya kuwa jambo lililomwia gumu kuliko yote gerezani lilikuwa ni kupiga magoti kwa ajili ya kuswali. Si kufungwa, wala si njaa. Magoti. Na huyo ni mtu ambaye alikuwa amekwisha kubadili nywele, na nguo, na lakabu, mara nyingi, bila ya shida yoyote. Mambo hayo yote yalikuwa mepesi kwa sababu hayakumtaka akiri kosa. Goti lilikataa kwa kuwa goti hukiri. Na mwaka 1964 alitakiwa apige goti tena, safari hii mbele ya umma, aseme: nilikosea. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Ar-Raad, Aya ya 11, ya kuwa habadili hali ya watu mpaka wao wabadili yaliyomo nafsini mwao. Yaliyomo nafsini ndiyo yaliyobadilika Makka. Jina lilifuata.

Basi ewe kijana unayesoma vitabu hivi na kutazama picha hizi, hatukukatazi. Tena twakwambia uzisome vizuri. Lakini utakapojiambia ya kuwa wataka kuwa mtu mwingine, jiulize maswali matatu.

La kwanza: ninakimbia nini hasa? Yasmin alikimbia dhuluma, naye alijua jina lake. Wako wanaokimbia uvivu wao, au deni, au umasikini wa wazazi wao ambao si dhambi wala si aibu. Ukimbiacho kikiwa kimo ndani yako, utakifikisha hata London.

La pili: nani atakayelipa? Ilyas alijigeuza, na mkono uliovunjika haukuwa wake. Kabla ya kuondoka tazama nyuma yako, umwone Afiya wako ni nani.

La tatu: je, katika mgeuko huu nitakiri kosa langu, au nitalificha? Mgeuko usiokuwa na kukiri ni nguo tu.

Na sasa tumrudie mzee wetu mwandishi wa barua, ambaye amengoja kwa subira.

Mzee wangu, watuuliza kama umnyang'anye kitabu. Twasema, usimnyang'anye. Kwanza, ni kitabu cha masomo yake, naye ataulizwa habari zake katika mtihani. Pili, machozi yale hayakutoka kitabuni tu. Umetuandikia kurasa tatu juu ya Yasmin, na mistari miwili juu ya posa, na sisi twaogopa ya kuwa barua yako imegeuka juu chini. Umeandika, "amenyamaza, alhamdulillahi." Ni kweli ya kuwa kunyamaza kwa bikira kumehesabiwa idhini. Lakini kumehesabiwa hivyo kwa sababu ya haya, yaani kwa binti aliye radhi naye ulimi wake unaona soni kulitamka. Wanavyuoni wa fiqhi walikizungumza hata kilio cha bikira, wakapambanua kilio na kilio, kwa kuwa walijua ya kuwa si kila kimya ni kimoja. Na binti yako hakunyamaza, mzee wangu. Alilia usiku wa manane, na mchana akakujibu kwa jina la Yasmin, kwa kuwa jina lake mwenyewe lilikuwa zito kulitaja mbele yako.

Huenda tumekosea. Huenda binti huyu amemridhia kijana aliyeletwa, naye alilia kwa uzuri wa hadithi, kama tulivyolia sisi. Lakini wewe huna haja ya kukisia, wala huna haja ya kutuuliza sisi, kwani yeye yuko chumba cha pili. Kisome kitabu chote, ukimaliza umrudishie mkononi. Kisha umwite, mama yake akiwapo, na usimwulize habari za Denge wala za dansi. Mwulize ni ukurasa gani uliomliza. Atakapokuonyesha, usome mbele yake, na umpe nafasi ya kusema, hata kama nafasi hiyo ni ya kimya cha muda mrefu. Baada ya hapo mwulize habari ya posa kwa maneno yaliyo wazi, umwambie ya kuwa "sitaki" ni jibu, na ya kuwa jibu hilo halitamfungia mlango. Watu wa nyumba ile njema, ikiwa ni njema kama usemavyo, wataelewa wakiambiwa wangoje.

Jamaa za Yasmin wangalikuwa na nafasi kama hii, na kitabu kile kisingaliandikwa. Wewe unayo, na binti bado yumo nyumbani.

Tutafurahi kupata barua yako mwezi ujao, na ikiwa binti naye ataandika mstari mmoja chini yake, tutafurahi zaidi.

Wassalaamu alaykum.